Imani ya Watoto Walionunuliwa

Siku ya Noeli mwaka 1860 Padri Armand Fava alisoma Misa katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja. Waliokuwa mbele yake ni wachache: mapadri wenzake wawili, masista sita, daktari wa jeshi la majini la Ufaransa, mafundi waliosafiri nao kutoka kisiwa cha Réunion, na Wakatoliki wachache waliokuwa wakiishi mjini. Walikuwa wametia nanga siku chache tu kabla. Tangu Waomani walipowatoa Wareno Pwani mwishoni mwa karne ya 17, Kanisa Katoliki halikuwa na makao kisiwani. Mahali palipokuwa na kikanisa cha Wareno paliinuka Ngome Kongwe, na watoto waliocheza chini ya kuta zake hawakuwa na habari ya altare iliyowahi kuwapo pale.

Fava alitumwa na Askofu Maupoint wa Réunion, na kazi aliyopewa ilikuwa kuanzisha misheni katika mji ambao haukuwa umemwita. Zanzibar ya Sultani Seyyid Majid bin Said ilikuwa na wanazuoni wake na makadhi wake, misikiti haikupishana mbali, na kila mtaa ulikuwa na chuo chake ambamo watoto walikaa mkekani wakisoma Kurani kwa sauti. Mtoto wa Unguja alikuwa na maalimu wake kabla hajang'oka meno ya utoto. Kumwendea mtoto huyo na katekisimu kungekuwa ni kutafuta ugomvi, na Fava hakutaka ugomvi. Alifungua hospitali. Akafungua na karakana za mafundi. Seyyid Majid aliruhusu, na wagonjwa wakaja, wenye nacho na wasio nacho, wa kila kabila na kila dini.

Aliyekuwa na mashaka ni Rigby, konseli wa Uingereza. Aliona jumba kubwa, aliona Wafaransa, akahisi kambi ya askari inajengwa kwa jina la dini. Wasiwasi huo ulipoa Machi 1862, Uingereza na Ufaransa zilipotoa tamko la pamoja kwamba zitaheshimu uhuru wa Sultani. Wafaransa wakabaki na dawa zao, maseremala wao na sala zao. Lakini misheni isiyo na mtu wa kufundisha ni nyumba ya wageni tu. Wanafunzi wangetoka wapi?

Walitoka sokoni. Historia ya mafundisho ya dini Katoliki Unguja inaanzia hapo, na anayeisimulia kwa haki hawezi kuanzia mahali pengine. Unguja ya miaka hiyo ilikuwa soko kuu la watumwa la Afrika Mashariki yote. Maelfu kwa maelfu waliletwa kila mwaka kutoka bara, wengi wakipitia Kilwa, na kati yao walikuwamo watoto wengi. Wengine walifika wakiwa mifupa na ngozi, wamekonda kwa njaa ya safari, wana kuhara na vidonda. Bei ya hao ilikuwa ndogo, kwa kuwa aliyemnunua alihesabu kwamba huenda asivuke juma. Misheni iliwanunua hao. Fedha zilitoka kwa Wakatoliki wa Ulaya, hasa Ufaransa, waliochanga sarafu zao kwa ajili ya watoto wasiowajua, na wengi waliochanga walikuwa watoto wenyewe.

Waliowapokea watoto hao walikuwa masista, Mabinti wa Maria. Hapa sina budi kusimama kidogo, maana masista hawa hawasemwi vya kutosha. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya Ufaransa kufuta utumwa katika makoloni yake. Aliyelianzisha pamoja na Padri Frédéric Levavasseur ni Aimée Pignolet de Fresnes, binti wa kisiwa hicho hicho. Tangu mwanzo shirika liliwapokea wanawake weupe na weusi, waliozaliwa huru na waliotoka utumwani, wakavaa kanzu moja na kula meza moja. Kwa kisiwa cha mashamba ya miwa, ambako juzi tu mtu aliandikwa katika daftari la mali pamoja na ng'ombe, hilo lilikuwa jambo la kutikisa watu. Watoto wa sokoni Unguja waliangukia mikononi mwa wanawake ambao shirika lao lilikuwa limezaliwa katika kidonda kile kile.

Mwaka 1862 Roma iliifanya pwani hii kuwa prefektura ya kitume ya Zanguebar, na mwaka uliofuata kazi ikashikwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu. Padri Antoine Horner na Padri Étienne Baur walifika Juni 1863 pamoja na mabruda wawili. Horner ndiye aliyekuwa mkubwa wa misheni. Baur alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na akatumikia nchi hizi hadi alipofariki mwaka 1913, yaani nusu karne nzima.

Chini ya Horner siku ya mtoto iligawanywa kwa kengele. Kulikuwa na sala na Misa asubuhi, darasa, kazi, chakula, kazi tena, mafundisho, sala ya jioni. Wavulana walijifunza uhunzi, useremala na ufundi mwingine, na karakana za misheni zikapata sifa mjini hata meli zilizoharibika zikaletwa kutengenezwa. Wasichana walikaa na masista wakishona, wakifua, wakihudumia wagonjwa. Na mafundisho yenyewe yalikwenda kwa namna iliyokuwa ikitumika Ulaya nzima wakati huo: mwalimu anauliza, watoto wanajibu kwa pamoja, na jibu linashikwa kwa ghibu. Mungu ni nani, nafsi zake ni ngapi, sakramenti ni ngapi, ubatizo unafuta nini. Mpita njia aliyesikia sauti hizo za watoto hakusikia jambo geni. Mtaa wa pili watoto wenzao walikuwa wakikariri Juzuu Amma kwa namna hiyo hiyo, na maalimu wao naye alisahihisha kila neno lililopinda.

Mtoto aliyekuwa mzima hakubatizwa haraka. Alitakiwa kwanza ajue sala, ajue misingi ya imani, na mwenendo wake uonekane. Lakini wengi hawakuwa na muda huo. Aliyekuwa anakata roho alibatizwa pale pale alipolala, na somo lake lote likawa maneno machache ya sista aliyempigia magoti, kama aliyaelewa. Wamisionari waliandika habari za ubatizo huo wa dakika za mwisho kwa furaha kubwa, wakihesabu roho zilizokwenda mbinguni. Msomaji wa leo husoma kurasa hizo kwa uchungu, maana waliohesabiwa ni watoto waliokufa mbali na mama zao, katika nchi wasiyoijua jina.

Mmoja wao hakufa. Jina lake Swema.

Alizaliwa katika nchi ya Wayao. Baba yake aliuawa na simba, nzige wakala mazao, na mama akakopa nafaka ambayo hakuweza kuilipa. Mdai alipokuja kuchukua haki yake alimchukua mtoto, akamuuza kwa msafara uliokuwa ukielekea pwani. Mama hakukubali kuachwa. Aliufuata msafara akaomba naye awe mtumwa, mradi asitengane na mwanawe. Njiani mama akachoka, akaachwa, akafa. Swema alifikishwa Kilwa, akapakiwa katika jahazi lililosheheni watu, na aliposhushwa Unguja alikuwa hoi kiasi kwamba mmiliki wake aliona hasara imekwishamfika. Akaviringishwa mkeka, akafukiwa katika kaburi la juujuu, bado anapumua. Kijana mmoja wa Réunion aliyekuwa akipita huko akasikia sauti ardhini. Akafukua, akambeba hadi kwa masista.

Habari hizi tumezipata kupitia kwa Horner, aliyezituma Ufaransa, na mwaka 1870 zikachapwa kitabuni huko Paris na Padri Gaume, kitabu kilichotolewa kama zawadi kwa wasichana Wakristo wa dunia ya zamani na dunia mpya. Kwa hiyo sauti ya Swema imepita mikono miwili ya mapadri kabla ya kutufikia, na mtu mwangalifu anaweza kuona mahali ambapo kalamu imepamba. Hata hivyo mwanahistoria Edward Alpers, aliyeirejesha simulizi hiyo mbele ya wasomi mwaka 1983, aliichukulia kuwa ushahidi wa kweli wa maisha ya mtoto wa kike katika biashara ya watumwa. Deni la nafaka, mjane asiye na ndugu wa kumtetea, mtoto aliyetolewa kulipa: hayo hayakutungwa Paris.

Kwa habari yetu, kiini kiko katika sehemu ya mwisho. Swema alipopona alianza mafundisho pamoja na wenzake na akawa anasaidia masista kuhudumia wagonjwa. Siku moja akaletwa Mwarabu aliyejeruhiwa katika mapigano na Waingereza waliokuwa wakisaka majahazi ya watumwa. Swema alimtazama akamjua: ni yule wa msafara, aliyesababisha kifo cha mama yake. Alikuwa amekwisha kufundishwa kwamba Mungu husamehe na kwamba anayesamehewa anapaswa kusamehe. Alikuwa anaomba ubatizo. Na sasa yule mtu amelala mbele yake, na dawa iko mkononi mwake. Simulizi inasema moyo wake ulikataa, akapigana nao, na mwisho akamhudumia. Baada ya hapo ndipo alipobatizwa.

Makatekista wa leo wanajua kwamba fundisho gumu kuliko yote kulieleza kwa vijana ni hilo. Utatu Mtakatifu mtoto ataukubali kuwa fumbo, aendelee. Msamaha anauliza maswali. Sijui kama kuna ukurasa mwingine katika historia ya Kanisa la Pwani ambapo fundisho liligusa nyama kiasi hiki. Na bado namwonea huruma Swema kwa jambo jingine: mtihani ule aliutungiwa na maisha, lakini waliousimamia walikuwa watu wazima waliokuwa na hatima yake yote mkononi. Kama angesema hapana, angekwenda wapi?

Swali hilo linawahusu wote. Kanisa limefundisha siku zote kwamba imani haiwezi kulazimishwa, na kwamba anayeomba ubatizo lazima aombe kwa hiari yake. Mtoto wa misheni alikuwa amelipiwa fedha. Hakuuzwa tena, hakupigwa pingu, na kwa macho ya wamisionari alikuwa huru. Lakini hakuwa na kwao pa kurudi, na nyumba iliyomlisha ilikuwa nyumba ya sala. Horner na wenzake waliwatazama watoto hawa kama mbegu ya Kanisa la baadaye. Walitaka wakue humo, wafunzwe humo, waoane humo, wazae watoto watakaokuwa Wakristo tangu tumboni. Mwaka 1868 walivuka kwenda Bagamoyo kupata ardhi ambayo mjini haikuwapo, na kundi kubwa la watoto likahamia huko. Pakawa na mashamba, na baadaye kijiji cha familia za Kikristo.

Sakramenti ya ndoa ilifundishwa kwa utaratibu huo huo. Kijana aliyefikia umri aliozwa msichana aliyelelewa na masista, wakapewa nyumba na konde. Wengine walijenga ndoa imara, na baadhi ya jamaa hizo zilipelekwa na mapadri kwenda kuanzisha misheni za bara, Mhonda, Mandera, Morogoro. Katika vijiji hivyo vipya wao ndio waliokuwa mfano wa kwanza wa maisha ya Kikristo, na baadhi wakawa walimu wa dini. Mapadri wangeweza kuhubiri mwaka mzima. Wenyeji waliwatazama hao. Wengine lakini walichoka na kengele na amri, wakatoroka. Siwahesabu waliotoroka kuwa walishindwa. Walikuwa watu waliotaka kujiamulia, na mtu aliyewahi kuamuliwa kila kitu ana haki ya kutaka hivyo.

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja majahazi, kikaangusha na majengo ya Bagamoyo. Juni 1873 Seyyid Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Waanglikana wa misheni ya UMCA wakajenga kanisa lao mahali hapo hapo, na Askofu Edward Steere akawa anafundisha na kuchapa vitabu kwa Kiswahili. Kuanzia hapo watoto waliokamatwa baharini na manowari za Waingereza waligawiwa misheni hizi mbili. Kununua kulipungua, kisha kukaisha.

Mashindano na Waanglikana yalikuwa na faida yake. Wakatoliki nao walishika Kiswahili kwa bidii zaidi. Padri Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, alikaa Unguja na Bagamoyo akikusanya maneno ya watu wa pwani nzima na mimea ya nchi yao. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitolewa Zanzibar mwaka 1891, na ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikakamilika Paris mwaka 1941, yeye akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini. Vitabu vya sala na mafundisho kwa Kiswahili viliandaliwa katika miaka hiyo, na mtoto akaweza kusali Baba Yetu kwa lugha aliyogombania nayo kokoto uwanjani. Misa yenyewe iliendelea kwa Kilatini kwa zaidi ya nusu karne nyingine.

Misa ya Noeli ya 1898 ilisomwa katika kanisa jipya la Mtakatifu Yosefu, ambalo mji wote unaliita Minara Miwili. Lilianza kujengwa wakati wa Askofu Raoul de Courmont, msimamizi wa kwanza wa vikarieti ya Zanguebar. Kuta zake zilipakwa picha za Agano la Kale, na vioo vya rangi vikaletwa kutoka Ufaransa. Kwa mtoto asiyejua kusoma, mafundisho yalikuwa juu ya kuta. Angeweza kunyoosha kidole akaulizia yule ni nani na amefanya nini. Picha hizo sasa zimefifia, na ningependa zihifadhiwe kabla hazijapotea kabisa.

Waliojaa katika mabenchi hayo hawakuwa tena watoto wa soko peke yao. Wagoa walikuwa wameongezeka mjini, makarani, mafundi cherehani, waokaji, wapiga muziki na wapiga picha, na kwao Ukatoliki ulikuwa wa mababu. Watoto wao waliingia darasani wakiwa na bibi nyumbani aliyekwisha kuwafundisha rozari. Mwaka 1910 Papa Pius X alipoagiza kwamba mtoto apokee komunyo ya kwanza mara anapofikia umri wa kutambua, yapata miaka saba, familia za Kigoa zilikuwa tayari. Gauni jeupe, mshumaa, picha kwa mpiga picha wa mjini, karamu. Watoto wa waliokuwa watumwa, na wa vibarua waliotoka bara kuchuma karafuu, waliipokea komunyo hiyo hiyo kwa nguo walizokuwa nazo. Altareni walikuwa sawa. Nje ya mlango kila mtu alirudi mtaani kwake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda hadi Januari 1964. Baada ya Mapinduzi ya mwezi huo Wagoa wengi waliondoka, wakaelekea bara, Uingereza, Kanada na kwingineko. Shule zikataifishwa, zikiwamo za misheni. Desemba mwaka huo huo Roma ikaitenga Zanzibar na jimbo la Mombasa. Kanisa lililozoea kufundisha dini ndani ya shule zake likajikuta halina shule, na nusu ya mabenchi yako wazi. Hapo ndipo katekista mlei alipobeba mzigo wote. Alikuwa mtu wa kazi nyingine, mwenye familia, anayefundisha baada ya saa za kazi, akitembea kutoka mjini hadi mashamba ambako Mmakonde mmoja na Wasukuma wawili walikuwa na watoto wasiobatizwa.

Wakati huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa ukimalizika. Misa ikaja kwa Kiswahili. Desemba 1965 Mtaguso ukatangaza kwa maneno yasiyo na shaka kwamba mtu asilazimishwe wala asizuiwe katika jambo la imani. Kwa Kanisa la Unguja, lililoanza na watoto walionunuliwa, tamko hilo lilikuwa na uzito wa pekee, ingawa sidhani kuna aliyelisoma kwa namna hiyo wakati ule. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kazi yao, na mafundisho yakarudi majumbani, baina ya jirani na jirani. Zanzibar ikawa jimbo kamili mwaka 1980, Bernard Ngaviliau akiwa askofu wake wa kwanza, na mwaka 1996 akateuliwa Augustine Shao kumfuata.

Jimbo hili ni dogo kwa idadi ya watu. Sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773, karibu wote Waislamu. Mtoto Mkatoliki wa Mpendae au Kitope anakaa darasani na wenzake Waislamu juma zima, anacheza nao, anakula nao futari jirani anapoialika familia yake. Anajua sikukuu zao kama anavyojua za kwao. Katekista hawezi kumfundisha kana kwamba dunia yote inaamini kama yeye, kwa sababu jioni mtoto atarudi mtaani na kuulizwa maswali ya kweli na marafiki wa kweli.

Siku ya Jumapili, 17 Februari 2013, Padri Evarist Mushi alipigwa risasi na kuuawa alipokuwa akifika kusoma Misa Betras, Mtoni. Miezi miwili kabla, siku ya Noeli, Padri Ambrose Mkenda alikuwa amepigwa risasi na kujeruhiwa. Miongoni mwa waliokuwa wakimsubiri Padri Mushi asubuhi ile walikuwamo watoto. Wazazi na makatekista walilazimika kuwaeleza kilichotokea, na kuwaeleza pia kwamba jirani zao Waislamu waliokuja kutoa pole walikuwa wanalia kweli. Fundisho la msamaha lililompata Swema kitandani pa majeruhi likawa tena mbele ya watoto wa Unguja, na halikuwa jepesi kuliko lilivyokuwa miaka mia moja na hamsini nyuma.

Madarasa yanaendelea. Kuna ya komunyo ya kwanza na ya kipaimara, Jumamosi na baada ya Misa ya Jumapili, na kwa watu wazima kuna ukatekumeni. Wanaofundishwa wengi ni watoto wa wafanyakazi waliotoka bara, polisi, wapishi wa hoteli, mafundi wa ujenzi, wauguzi. Swali na jibu bado vipo, lakini katekista mzuri humwacha mtoto naye aulize. Na kabla askofu hajampaka krisma, kijana hurudia ahadi za ubatizo kwa kinywa chake, zile ambazo wazazi na wasimamizi walizitoa kwa niaba yake akiwa mchanga. Asiyekuwa tayari kuzisema husubiri.